Uzi wa nyuzi: siku zangu kwenye kitanda cha mfumi, nafuma mbeleko za kuagizwa

MamaMshindio (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa kazi za mikono kwa walioko ughaibuni niliandika kwamba nafuma mbeleko na moja nauza dola 420. Watu walishtuka. Wengine wakanifuata pembeni kuuliza kuna nini humo ndani, maana kitenge cha Kariakoo kinabeba mtoto vilevile. Swali ni la haki, na jibu lake ni siku zangu zinavyokwenda, kwa hiyo kaeni mkao wa kusoma. Nitaleta vipande vipande kwa sababu mwanangu wa mwisho akiamka lazima niondoke.

Niko Minneapolis, Minnesota, mwaka wa tisa huu. Kufuma nilijifunzia hapa, kwenye chama cha wafumi cha Weavers Guild of Minnesota ambacho kipo tangu 1940. Niliingia kutafuta joto na watu wa kuongea nao kipindi cha baridi, nikatoka na kazi. Kitanda changu cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, ni cha mbao, kina fremu nane za kunyanyulia nyuzi na vikanyagio kumi, kimekaa sebuleni mahali ambapo wenzangu wameweka meza ya chakula.

Maneno mawili kwanza. Nyuzi zinazolala kwa urefu wa kitanda ndio mtande. Uzi unaokatiza kushoto kulia ndio mshindio. Ni maneno yetu ya zamani, yalikuwepo kabla yangu, na mimi napenda sana kuyatumia katika nyumba ambayo kila kitu kingine kina jina la Kiingereza.

Mbeleko ninayofuma ni kitambaa kimoja kirefu: mita 4.6 kwa sentimita 70. Mama anakipitisha mabegani yote mawili, kinazunguka mgongo wa mtoto, kinakatiza chini ya makalio yake na kufungwa kiunoni. Uzito unagawanyika mabega na nyonga. Kwa hapa desturi hiyo ya kitambaa kirefu ilienea kutoka Ujerumani, ambako mama mmoja wa mapacha, Erika Hoffmann, alianzisha kampuni ya Didymos mwaka 1972. Yeye mwenyewe alianza kwa kubeba wanawe na kitambaa cha Meksiko. Kwa hiyo msidhani Wazungu walivumbua mgongo.

Naendelea.

MamaMshindio (#2)

Mteja hanunui mbeleko iliyokwisha kufumwa. Ananunua nafasi. Mtande mmoja naufunga kwa ajili ya kina mama watatu, wanakubaliana rangi za mtande, halafu kila mmoja anachagua mshindio wake. Hapo ndipo kitambaa kinapogeuka kuwa cha mtu. Mwenye mtoto wa miaka miwili mzito namshauri kitani: mwanzoni kinakwaruza kama gunia jipya, baada ya miezi ya kufua na kufunga kinalainika na hakilegei begani. Mwenye kichanga nampa pamba tupu, au pamba na hariri kidogo. Sufu ina joto na inanepa kidogo mama anapotembea, ila kufua kwake kunataka subira, na mama wa kichanga hana muda huo. Huwa nawaambia hivyo hata kama napoteza oda.

Mtande nilionao kitandani wiki hii una nyuzi 760. Kila uzi una urefu wa mita 17 na nusu, ili zitoke mbeleko tatu, kipande cha majaribio, na ile sehemu ya mwisho isiyofumika. Zidisheni wenyewe: ni kilomita 13 na ushee za uzi wa pamba, kabla sijafuma hata mstari mmoja. Nazizungusha kwenye gurudumu la kutandia nyuzi nne kwa pamoja, mara 190. Naanza saa kumi alfajiri nyumba ikiwa imelala. Nikifika 30 nafunga kitambaa chekundu ili mtu akiniita nisipoteze hesabu.

Sasa kazi yenyewe, ambayo wengi hawaijui: kuingiza nyuzi.

Kila uzi kati ya hizo 760 lazima upite kwenye tundu lake, na kila tundu lina fremu yake. Mchoro huu unapanda fremu ya kwanza hadi ya nane, kisha unarudi ya saba hadi ya pili, halafu unaanza tena. Nyuzi 14 kwa kila marudio, marudio 54, na nyuzi mbili za ukingo kila upande. Nakaa kwenye kigoda kifupi ndani ya kitanda, magoti yamekunjwa, kulabu ndogo ya waya mkono wa kulia. Mkono wa kushoto unatenga uzi, kulabu inapita tunduni, inashika, inavuta. Nahesabu kwa sauti, kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, saba, sita, tano... Nikimaliza marudio mawili nasimama, narudi nyuma, nazigusa zote kwa kidole kimoja kimoja nikihesabu upya. Saa sita kwa jumla, nimezigawa siku tatu. Kisha zote zinapita tena kwenye chana, yaani kitana kirefu cha kusukumia mshindio, mapengo 12 kwa inchi, nyuzi mbili kila pengo.

Uzi mmoja ukikaa fremu isiyo yake, kosa litatembea kama mfereji mita zote 16 za mbeleko tatu. Hakuna kulirekebisha mwishoni.

FundiWaMwenge (#3)

Dada, heshima kwako. Mimi fundi cherehani miaka 15 na vitambaa nashika kila siku, lakini sijawahi kufikiria kwamba kuna mtu alihesabu. Swali langu: huo mchoro wa kupanda na kushuka ni urembo tu au una kazi? Maana kitenge kimefumwa moja juu moja chini, basi.

MamaMshindio (#4)

Fundi, umeuliza swali la kifundi. Una kazi kubwa.

Ukifuma moja juu moja chini, nyuzi zinabanana na kitambaa hakinyumbuki sana. Chukua jinzi uitazame karibu, utaona mistari ya mshazari. Pale kwa kawaida mshindio unaruka uzi mmoja, unazama chini ya tatu, na kila mstari unasogea hatua moja. Kitambaa cha namna hiyo ukikivuta kwa urefu hakiendi popote, ukikivuta kona kwa kona kinanyooka na kurudi. Huo mnyumbuko wa kona ndio unaokumbatia mgongo wa mtoto bila kuacha mfuko. Ndiyo maana mbeleko ndefu karibu zote ni za mshazari, na mchoro wangu wa kupanda na kushuka unaugeuza mshazari uwe vilele kama mawimbi.

Kitenge ni kipana na kifupi, mama anajifunga mara moja kifuani au juu ya bega. Kimebeba mamilioni, na mimi kimenibeba. Sikishindanishi. Lakini hapa kuna wazazi wanaotembea saa mbili na mtoto wa kilo 13 juu ya koti la baridi, wengine ni baba, wengine wamejifungua kwa upasuaji na hawataki kitu kibane tumbo. Kwao kitambaa kirefu kina maana.

Mwanaidi_T (#5)

Dada na kufuma kwenyewe je? Maana mpaka sasa ni hesabu tu.

MamaMshindio (#6)

Kweli Mwanaidi, kufuma ndiyo sehemu tamu na ndiyo ninayoifikia mwisho.

Nakanyaga, fremu zinapanda, mtande unapasuka njia katikati. Narusha kile kijiti chenye bobini ya mshindio, kina umbo la mashua na mimi nakiita mashua, kinateleza mpaka mkono wa pili. Navuta chana, inagonga. Nakanyaga kingine. Kila sentimita ni mistari minane. Mbeleko moja naifuma mita 5.3 kwa sababu ikifuliwa itapungua, kwa hiyo mashua inavuka mara 4,240. Nikiwa sawa nafuma nusu mita kwa saa. Mbeleko moja inakula saa kumi na nusu hivi, na siketi zaidi ya saa moja na nusu mfululizo, mgongo hauruhusu.

Kitu ninachokilinda ni namna ninavyogonga chana. Nikigonga kwa hasira kitambaa kinabana, nikigonga nikiwa na usingizi kinalegea. Mama akifunga mbeleko yenye sehemu iliyolegea, uzito wa mtoto utaitafuta hiyo sehemu. Ndiyo maana kila baada ya sentimita kumi naweka rula na kuhesabu mistari. Na nikigombana na mtu nyumbani sikai kitandani siku hiyo, nazungusha bobini tu.

Baridi ya hapa nayo ina mambo yake. Januari nje ni nyuzijoto 20 chini ya sifuri, ndani joto la mashine linakausha hewa mpaka midomo inapasuka. Kitani kikikauka kinakatika kama bua. Naning'iniza mataulo mabichi pembeni ya kitanda na kuwasha mashine ya mvuke usiku kucha. Uzi ukikatika naunga mwingine, naufunga kwenye pini nyuma, nafuma, kisha mkia wake naurudisha ndani kwa sindano. Mtande wa mwezi wa kwanza mwaka huu ulikatika nyuzi 11. Nazikumbuka zilipo.

BibiMkwajuni (#7)

Mwanangu, nimesomewa na mjukuu wangu hapa Tanga, naye ndiye anayeniandikia. Nimefurahi umeita mbeleko, hukuita jina la kigeni. Sisi binti akiolewa mama yake anapewa mbeleko yake katika mahari, maana mgongo wake ndio uliomlea mwari. Waambie wateja wako hilo. Na je, hao watoto wa huko wakitafuna hicho kitambaa, rangi haiwadhuru?

MamaMshindio (#8)

Shikamoo bibi. Umenigusa. Nina mteja wa Kitanga hapa, alinunua kwa ajili ya mama yake mzazi na sikumwelewa kwa nini, maana mama hana mtoto mchanga. Sasa nimeelewa.

Wanatafuna, bibi, wote. Ukingo unaokaa karibu na mdomo unarudi kwangu umelowa hata kwenye picha. Nyuzi nazipaka rangi mwenyewe nyumbani, aina inayoshikamana na pamba kwa msaada wa magadi, kisha nazisuuza kwa maji ya moto mpaka yatoke meupe kwenye bakuli jeupe. Wakati mwingine maji manane. Zamani niliwahi kununua uzi mwekundu uliopakwa tayari kwa muuzaji ambaye simtaji, akaniapia hauchuji. Niliufuma na mtande mweupe. Kwenye kufua mara ya kwanza kitambaa kizima kikawa waridi. Tangu hapo rangi yoyote, hata ya kununua, nafua kipande chake kwanza na kitambaa cheupe ndani ya chombo kimoja.

KakaSimiyu (#9)

Mimi nataka ukweli mmoja. Umewahi kuharibu kabisa?

MamaMshindio (#10)

Nimewahi, na nitaisimulia yote kwa sababu ndiyo iliyonifanya nifume ninavyofuma.

Oda yangu ya tatu. Mtande ukishatandwa unaviringishwa kwenye gogo la nyuma, na kati ya kila mzunguko unaweka karatasi ngumu ili nyuzi za juu zisizame kati ya zile za chini. Karatasi ziliniishia. Nikasema mizunguko ya mwisho si mingi, nikaviringisha bila kitu. Nyuzi za ukingoni zikateleza zikashuka, za katikati zikabaki juu. Ukiwa kitandani huoni, kwa sababu kila kitu kimevutwa. Nilifuma mita zote tano nikiwa na furaha.

Nilipokata na kufua, kitambaa kikatoka na tumbo. Nilikilaza sakafuni, kingo zimenyooka, katikati pamejaa hewa kama tanga. Nikamfunga mwanangu nacho kujaribu. Nikikaza kingo, katikati panalegea. Nikikaza katikati, kingo zinamkata mapajani. Nilijaribu mara nne, siku nzima, kwa sababu sikutaka kukubali. Mama yule alikuwa amebakiza wiki tatu kujifungua.

Nilimwandikia usiku uleule, nikamrudishia hela zake zote, na nikamfumia nyingine ambayo ilimfikia mtoto ana mwezi mmoja. Kile cha kwanza ni pazia la chumba cha watoto mpaka leo. Sikukiuza hata kwa bei ya chini, maana mtu angemfunga mtoto tu.

Ndiyo maana nikitoa kitambaa kitandani kazi haijaisha. Nakifua kwa maji ya moto, nakikausha, nakipiga pasi kikiwa na unyevu. Halafu asubuhi kwenye dirisha la mashariki nakipitisha mikononi mita kwa mita, mwanga ukitoka nyuma, sindano imo mdomoni. Natafuta mahali mshindio uliporuka nyuzi zaidi ya ilivyotakiwa, kwa sababu kitanzi kinachoning'inia kinaweza kushika kidole cha mtoto. Nikikiona nakishona kwa uzi uleule, nafuata njia yake juu chini mpaka kisionekane. Naenda upande wa kwanza, nageuza, naenda upande wa pili. Saa moja na nusu. Baada ya hapo ndipo cherehani inapiga pindo, mishono miwili, na lebo.

Mwanaidi_T (#11)

Lebo ya jina lako au ya sheria? Na mimi natarajia mwezi wa kumi na mbili, niko Toronto, naogopa kubeba kichanga kwenye baridi.

MamaMshindio (#12)

Hongera sana mdogo wangu, Mungu akufikishe salama.

Lebo ni zote mbili. Hapa Marekani tangu tarehe 30 Januari 2018 mbeleko za aina hii zina kanuni ya serikali kuu: kitambaa kinapimwa na maabara inayotambulika, kinawekewa uzito tuli na uzito unaodundishwa, lebo ina maonyo na alama za kufuatilia kimetengenezwa lini na wapi, na kila mbeleko inatoka na kadi ya usajili. Kwa mfumi wa sebuleni ni gharama nzito, na nawajua walioacha kazi kwa sababu hiyo. Mimi nililia, kisha nikalipa. Kitu kinachoshika mtoto kinastahili kupimwa.

Kuhusu kichanga: akiwa kifuani umwone uso muda wote, usimfunike kwa koti wala skafu. Kidevu kisilale kifuani kwake, pabaki nafasi ya vidole viwili. Awe juu kiasi kwamba ukiinama kidogo unambusu kichwani. Kitambaa kikaze, mgongo wake ushikwe, magoti yawe juu kuliko makalio, miguu ikae kama herufi M. Miezi minne ya kwanza ndiyo ya kuangalia zaidi, hasa kama alizaliwa kabla ya wakati au ana mafua. Koti livae wewe juu yenu wote wawili, likiwa wazi usoni pake. Na mtu wa kukufundisha ana kwa ana ni bora kuliko maandishi yangu.

KakaSimiyu (#13)

Rudi kwenye 420. Na kwa nini kwetu hatufumi? Pamba inatoka kwetu huku Simiyu, naiona inapakiwa kwenye malori.

MamaMshindio (#14)

Mtande wa watu watatu unanila saa 60 kwa jumla ukiacha kupaka rangi, yaani saa 20 kwa mbeleko. Nyuzi na rangi dola 80. Lebo, vipimo, ada za malipo na posta vinakula 60 nyingine. Inabaki 280. Gawanya kwa 20, ni dola 14 kwa saa, pungufu ya kima cha chini cha mshahara cha mji huu. Siandiki hivyo ili mnihurumie, kazi hii naipenda na niliichagua. Naandika ili mtu akisema ghali ajue anaikata wapi: akiondoa saa za dirishani na sindano, bei itashuka, na mimi hizo ndizo siziondoi.

Kaka, swali lako la pili linanikosesha usingizi. Tulifuma. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo za pale zilisafirishwa mpaka Misri. Kilwa wachimbuzi wamefukua vigurudumu vya pia za kusokotea pamba, vimechongwa kutoka vigae vya vyungu. Baadaye, karne ya 19, meli za Salem, Massachusetts, zikaanza kuleta Unguja shuka ya pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya huku, na mkataba wa biashara kati ya Seyyid Said na Marekani ulitiwa saini 1833. Shuka ile tukaiita merikani, jina la kwao. Ikawa rahisi kuliko ya mfumi, na vitanda vingi vikanyamaza. Leo nimekaa hukuhuku Marekani nafuma mbeleko, na baadhi ya wateja wangu ni Waswahili. Nikiwaza hivyo mkono unasimama kidogo.

Pamba ya Simiyu kwa sehemu kubwa inaondoka ikiwa marobota. Ningelipa hata zaidi kupata uzi mwembamba uliosokotwa huko, wenye nyuzi mbili zilizopotwa pamoja.

FundiWaMwenge (#15)

Dada, seremala wangu yuko hapa na amesoma yote. Anaweza kuchonga kitanda. Aanze na nini?

MamaMshindio (#16)

Mwambie asianze na fremu nane. Fremu mbili zinatosha, upana wa sentimita 60, mbao ngumu iliyokauka vizuri kwa sababu mbao mbichi itapinda na mtande utalegea upande mmoja. Magogo mawili, la mbele na la nyuma, kila moja na gurudumu la meno la kulishikilia lisirudi. Chana anaweza kutengeneza kwa spoku za baiskeli zilizonyooshwa.

Wewe tafuta uzi wa pamba usionepa, mvuto wa mkono usiukate. Tanda nyuzi 200, mita tatu tu. Fuma taulo za jikoni. Kumi za kwanza ndizo zitakazokufundisha kugonga na kunyoosha ukingo, na zitafuta vyombo hata zikiwa zimepinda. Mtoto asifungwe na kitu chochote mpaka taulo zako zitoke kitandani zimenyooka, zifuliwe, na zibaki zimenyooka.

Na karatasi kati ya mizunguko, Fundi, mpaka mzunguko wa mwisho. Akishachonga weka picha hapahapa, nitakutumia mchoro wa kuingiza nyuzi.